Muumba Aliyekuja kwa Miguu

Mwishoni mwa miaka ya 1540 askari mmoja Mhispania, Pedro Cieza de León, alishika njia ya mawe itokayo Cusco kwenda kusini, kuelekea nyanda za juu za Collao. Alikuwa bado kijana, upanga kiunoni na karatasi mkobani, akiandika kila alichokiona na kila alichosimuliwa. Alipofika Cacha, katika bonde la mto Vilcanota, alisimama. Katika hekalu la hapo palikuwa na sanamu ya jiwe yenye umbo la mtu, na miongoni mwa Wahispania ilikwisha kuvuma kwamba sanamu ile ni ya mtume wa Yesu, aliyevuka bahari zama za kale akawahubiria watu wa milima ya Andes. Walisema hata ameshika rozari. Cieza alitaka kujionea. Aliitazama sanamu juu mpaka chini, kisha akaandika kwamba, labda kama yeye ni kipofu, rozari hakuiona. Alichokiona ni mikono iliyoshika kiuno, na kwenye mkanda alama zilizofanana na vifungo vya nguo.

Nampenda Cieza kwa mistari hiyo michache. Wenzake walifika mbele ya jiwe wakiwa na jibu tayari. Yeye alilitazama jiwe.

Aliyechongwa pale aliitwa Viracocha, na katika maombi aliongezewa majina mengine: Con Ticci, Pachayachachic. Wainka walimtaja kuwa ndiye aliyefanya jua, mwezi, nyota na mataifa yote ya watu. Habari zake zimetufikia kupitia kalamu za waandishi walioanza kazi baada ya dola ya Wainka kuvunjika. Wainka wenyewe walihifadhi kumbukumbu kwa kipu, yaani kamba zenye mafundo, na kwa nyimbo za kuwasifu wafalme waliokufa. Padre Cristóbal de Molina wa Cusco alisimuliwa pia habari za nyumba iliyoitwa Poquen Cancha, ambamo maisha ya kila mfalme na asili ya taifa lake vilichorwa kwenye mbao. Mbao hizo hazipo tena. Anayetaka kumjua Viracocha hana budi kusikiliza sauti mbili kwa pamoja, ya mzee wa Andes anayesimulia na ya mwandishi Mkristo anayenukuu huku akiwa na Biblia kichwani. Kuzitenganisha ni kazi, lakini yapo mawe, yapo majina ya mahali, na wapo wasimulizi ambao hadithi zao haziwezi kabisa kuwa zimetoka Hispania.

Wa kwanza wa kusikilizwa ni Juan de Betanzos, na nyuma yake mkewe. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Cuxirimay Ocllo, binti wa ukoo wa kifalme aliyetengwa awe mke wa Inka Atahualpa. Atahualpa alipouawa, Francisco Pizarro, kiongozi wa wavamizi Wahispania, alimchukua, akamzalia watoto wawili wa kiume. Pizarro naye akauawa Lima mwaka 1541, na ndipo binti huyo, ambaye sasa alibatizwa Angelina Yupanqui, akaolewa na Betanzos, mkalimani aliyekijua Kikechua kuliko karibu Wahispania wote wa siku zake. Kwa ndoa hiyo Betanzos aliingia katika baraza za wazee ambao Mhispania mwingine asingekaribishwa. Kitabu alichokiandika mwaka 1551 kina harufu ya mazungumzo ya nyumbani, ya wakwe wanaomweleza mkwe wao mambo ya ukoo.

Wakamwambia kwamba hapo mwanzo nchi yote ilikuwa giza. Katika giza hilo alitokea bwana mmoja kutoka katika ziwa la upande wa Collasuyo, naye ndiye Con Ticci Viracocha. Akaumba mbingu na nchi, akaumba na watu, akawaacha waishi gizani. Watu wale wakamkosea. Akatoka tena ziwani mara ya pili, akafika mahali palipoitwa Tiahuanaco, akawageuza mawe wale wa kwanza. Hapo ndipo alipolifanya jua akaliamuru litembee, kisha mwezi na nyota. Baada ya hayo akachonga watu wapya kwa mawe: watu wa kila nchi na kiongozi wao, wanawake wajawazito, na wengine waliojifungua wakiwa na watoto vitandani. Kila kundi alilitaja jina la nchi yake, la chemchemi, la pango au la mlima litakamotokea. Akawatuma wasaidizi wake waende wakaite. Walipofika kwenye chemchemi na mapango hayo wakapaza sauti, watu wakatoka.

Usimulizi wa Pedro Sarmiento de Gamboa, aliyeandika mwaka 1572, unaongeza kwamba wale wa kwanza walikuwa majitu, na kwamba kulikuja gharika iliyoitwa Unu Pachacuti. Anaongeza pia jambo ambalo wazee wa Collao walilijua vizuri: mwezi uliumbwa ukiwa na mwanga mkali kuliko jua. Jua likaona wivu, likachota majivu kiganjani na kuurushia mwezi usoni, na ndiyo maana uso wake una madoa. Sarmiento aliandika kwa amri ya mtawala Francisco de Toledo, ambaye alitaka ithibitike kuwa Wainka walikuwa wanyang'anyi wasiostahili nchi. Hata hivyo kitabu chake kilisomwa mbele ya wakuu 42 wa koo za Kiinka mjini Cusco ili wakisahihishe. Kwa nia mbaya ya bwana wake, tumepata hadithi nzuri.

Tiahuanaco, au Tiwanaku, ni mahali pa kweli. Magofu yake yako kusini mwa ziwa Titicaca, katika Bolivia ya leo, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Ulikuwa mji wenye nguvu kati ya miaka 500 na 1000 hivi, na Wainka walipoiteka nchi ile katika karne ya 15 waliukuta umekwisha kuwa mahame kwa karne kadhaa. Wakakuta lango lililochongwa katika jiwe moja tu la andesiti, na juu yake umbo la mtu anayetazama mbele, miale kichwani, fimbo mikono yote miwili. Wakakuta pia sanamu za mawe zimesimama uwandani, nyingine ndefu kupita kimo cha watu watatu. Waliofika pale wakiuliza ni nani hawa, jibu lilikuwa mbele yao: ni watu wa zamani za giza waliogeuzwa mawe, au ni vielelezo alivyovichonga Muumba kabla ya kuyaita mataifa. Mjesuiti Bernabé Cobo, aliyeandika karne ya 17, anasema Inka Pachacuti alipoyaona majengo yale aliwaambia watu wake wauangalie kwa makini ufundi wa mawe, kwa sababu alitaka Cusco ijengwe hivyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapoliona shina la hadithi yote. Wainka walikuwa wageni kwenye ziwa lile. Walimkuta Muumba akiwa mwenyeji.

Kutoka Tiwanaku Viracocha alianza safari. Wasaidizi wawili alibaki nao, mmoja akamtuma apitie upande wa bahari, mwingine upande wa misitu ya mashariki, naye akashika njia ya katikati kwenda Cusco. Molina anawataja wawili hao kuwa wanawe, Imaymana Viracocha na Tocapo Viracocha, na anaeleza kuwa Imaymana alipokuwa akipita aliipa miti na majani majina, akawafundisha watu ipi ni dawa, ipi inaliwa na ipi inaua. Yupo na mwingine, Taguapácac, aliyekataa kutii. Huyo alifungwa mikono na miguu, akatupwa kwenye chombo cha matete ziwani, mkondo wa mto Desaguadero ukamchukua huku akimtukana Muumba na kuapa kwamba atarudi.

Mwendo wa Viracocha ni wa mtu apitaye kwa miguu asiyejulikana. Hana jeshi wala wapambe wa kumtangaza. Alipofika Cacha, Wacanas wa hapo hawakumtambua, wakamwendea na silaha wamwue. Akaushusha moto kutoka mbinguni, mlima uliokuwa nyuma yao ukawaka. Wakatupa silaha, wakaanguka kifudifudi. Akachukua fimbo, akaupiga moto mapigo machache, ukazimika. Kisha akawaambia yeye ndiye aliyewafanya. Cieza anasimulia jambo hilo hilo kwa namna nyingine, mgeni akipiga magoti na kuinua mikono, na anaongeza kwamba mawe ya pale yaliungua hata kipande kikubwa kikawa chepesi cha kuinua mtu kwa mkono. Hilo nalo lipo. Juu ya Cacha, ambayo siku hizi inajulikana zaidi kwa jina la Raqchi, kuna volkano ya Kinsachata, na lava yake nyeusi imetapakaa hadi kwenye kuta za magofu. Ukiwa umesimama juu ya mawe yale yenye vishimo kama sifongo, hadithi ya moto haikuombi imani yoyote.

Alipita Urcos, akaketi kilele cha mlima, akawaita wenyeji watoke ndani yake. Wakamjengea pale kiti cha dhahabu na kuweka sanamu yake. Akafika mahali pa Cusco, akamweka bwana mmoja aitwaye Alcaviza, akasema baada yake watakuja wale wenye masikio ya ndonya, yaani Wainka. Wasimulizi wa ikulu walipenda sana sehemu hiyo, na si ajabu, maana ndiyo hati yao ya kumiliki mji. Mwishowe akafika pwani ya kaskazini, upande wa Puerto Viejo katika Ekuado ya leo. Wasaidizi wake wakamkuta huko, wakaingia baharini pamoja, wakitembea juu ya maji kama watu watembeao nchi kavu.

Hiyo ndiyo habari ya Cusco. Lakini milimani mashariki ya Lima, katika Huarochirí, watu walikuwa na Viracocha wao, na kwao hakuwa bwana wa heshima. Mnamo mwaka 1608 hivi, padre Francisco de Ávila, aliyekuwa akiwinda ibada za kale ili azikomeshe, alikusanya hadithi za huko, na mwandishi mmoja mwenyeji, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, akaziandika kwa Kikechua. Ni kitabu pekee cha zama zile kinachoeleza dini ya Andes kwa lugha ya Andes toka mwanzo hadi mwisho, na miongoni mwa wanaotajwa mwanzoni mwake ni huyu, Cuniraya Viracocha.

Cuniraya alikuwa akitangatanga akiwa amevaa nguo kuukuu zilizochanika, na wasiomjua wakamwita mwombaji mwenye chawa. Ndiye aliyekuwa akitengeneza mashamba ya matuta kwa neno la kinywa tu, na kufungua mifereji ya maji kwa kutupa ua la tete. Alimpenda Cavillaca, mwali mzuri ambaye miungu yote ilimtamani naye akaikataa. Siku moja Cavillaca alikuwa akifuma chini ya mti wa lukuma. Cuniraya akageuka ndege, akaruka hadi mtini, akaitia mbegu yake katika tunda lililoiva na kulidondosha karibu naye. Binti akalila kwa furaha, akachukua mimba. Mtoto alipotimiza mwaka na kuanza kutambaa, Cavillaca aliita miungu yote kikao ili baba apatikane. Wote wakaja wamevaa nguo zao bora, kila mmoja akitumaini. Cuniraya akaja na matambara yake, akaketi pembeni. Mtoto akaachwa atambae. Akawapita wote waliopendeza, akafika kwa mwombaji, akampanda mapajani kwa shangwe.

Cavillaca aliona aibu kali. Akambeba mwanawe, akakimbilia baharini. Hapo Cuniraya akavaa mavazi ya dhahabu yaliyong'aa nchi nzima, akamfuata akimwita amtazame. Hakugeuka. Yeye na mtoto waliingia bahari mbele ya Pachacamac, wakawa mawe, na mawe hayo huonekana mpaka leo. Cuniraya njiani aliwauliza wanyama kama wamemwona. Kondori alimwambia yuko karibu, akabarikiwa maisha marefu. Kicheche alimwambia hatampata, akalaaniwa atembee usiku akinuka. Puma akapewa heshima, mbweha akapewa chuki ya watu, kozi akapata baraka, kasuku wakapata kelele zao. Alipofika pwani na kumkosa, kwa hasira akawamwaga baharini samaki waliokuwa wakifugwa katika bwawa dogo la mama mmoja aitwaye Urpayhuachac. Kabla ya hapo, wanasema, bahari haikuwa na samaki.

Nimeirefusha hadithi hii kwa makusudi. Wacanas wa Cacha na Cavillaca wa Huarochirí wameingia katika shida ile ile: wamemhukumu Viracocha kwa sura. Anayemjua ni mtoto asiyetazama nguo. Muumba huyu anatambulikana kwa anachokifanya, kufungua maji katika mwamba, kuwasha mlima na kuuzima, kuita watu kutoka pangoni, na haya ndiyo mambo ya kumwuliza yeyote anayejiita kwa jina lake.

Wafalme wa Cusco walimhitaji kwa njia nyingine. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, Inka aliyetawala alijiita Viracocha kwa sababu, alisema, mungu alimtokea usiku. Wachanka, maadui wa Cusco, wakaja kuushambulia mji. Wengi hutaja mwaka 1438. Mfalme mwenye jina la Muumba akakimbia pamoja na mrithi aliyemchagua. Aliyebaki ni mwanawe mwingine, Cusi Yupanqui, na wenzake wachache. Betanzos anasimulia kuwa kijana huyo alijitenga usiku akaomba, na Viracocha akamjia kwa umbo la mtu, akamwahidi wasaidizi. Siku ya vita yakatokea majeshi ya watu wasiojulikana, Wachanka wakavunjika, na baadaye ikasemwa kuwa mawe ya uwanjani ndiyo yaliyoinuka yakapigana. Mawe hayo yaliheshimiwa kwa vizazi. Cusi Yupanqui akamwondoa baba yake, akajiita Pachacuti, akaujenga mji upya.

Hapa Betanzos ana kijisehemu ambacho mtu mwenye nia ya kulipamba simulizi angekifuta. Pachacuti alipotaka kujenga hekalu la kushukuru, alijiuliza ni nani hasa aliyemtokea. Akakumbuka kwamba usiku ule aliona mng'ao mkubwa, akaamua kuwa lazima lilikuwa Jua, na hekalu akalijengea Jua. Mfalme mwenyewe hakuwa na uhakika mpaka wa Muumba unaishia wapi na wa Jua unaanzia wapi. Cobo anasimulia kinyume, kwamba Pachacuti aliita baraza la makuhani akawaonyesha kuwa Jua, linalozibwa na wingu dogo lipitalo, haliwezi kuwa mkuu wa vyote, kisha akamjengea Viracocha nyumba yake, Quishuarcancha, yenye sanamu ya dhahabu ya kimo cha mtoto wa miaka 10, mkono wa kulia umeinuliwa kama wa mtu anayeamuru. Hoja ya wingu inafanana mno na ya wanatheolojia, na naipokea kwa tahadhari. Sanamu siitilii shaka sana. Molina, aliyekuwa padre wa hospitali ya wenyeji Cusco na kuzungumza na wazee waliozishuhudia sherehe zenyewe, anaeleza jinsi sanamu ya Muumba ilivyotolewa uwanjani pamoja na ya Jua na ya Radi wakati wa sikukuu ya Citua mwezi Agosti, mji ulipotakaswa magonjwa. Ameandika pia maombi yenyewe kwa Kikechua. Yanaomba watu waongezeke, mazao yastawi, Inka adumu, nchi iwe na amani.

Yako maombi mengine aliyoyahifadhi Juan de Santa Cruz Pachacuti Yamqui, mtu wa nchi hiyo hiyo ya Canas na Canchis iliko Cacha, aliyeandika mnamo mwaka 1613. Anayeomba humo anauliza Muumba yuko wapi: juu, chini, au pande zote? Ni mwanamume, au ni mwanamke? Mwandishi huyo alichora pia ukuta wa madhabahu ya Coricancha, hekalu kuu la Cusco: jua upande mmoja, mwezi upande mwingine, chini yao mwanamume na mwanamke, nyota, radi, upinde wa mvua, nchi, chemchemi na mti. Katikati, mahali pa Viracocha, hakuweka uso. Aliweka bamba la dhahabu lenye umbo la yai.

Huko Cacha, Wainka walijenga jengo kubwa kuliko desturi yao. Inka Garcilaso de la Vega, mwana wa Mhispania na binti wa kifalme, anasema aliyeliamuru ni Inka Viracocha. Lina urefu wa karibu mita 90 na upana wa 25. Katikati unapita ukuta mrefu, chini mawe yaliyokatwa kwa ustadi, juu matofali mabichi ya udongo, hata sasa ukifikia mita 12, na kila upande palikuwa na nguzo za mviringo 11 za kushikilia paa. Kando yake yapo maghala ya duara zaidi ya 150. Serikali iliyoweka chakula kingi namna hiyo kando ya hekalu ilijua mahujaji na majeshi yatapita. Mungu wa Wacanas alikwisha kuwa mungu wa barabara kuu ya dola.

Tarehe 16 Novemba 1532, Pizarro na watu wake 168 walimkamata Atahualpa katika uwanja wa Cajamarca. Imerudiwa mara nyingi mno, hata katika vitabu vya shule, kwamba Wainka walikuwa wakimngoja mungu mweupe mwenye ndevu arudi kutoka baharini, na kwamba ndiyo sababu walishindwa. Mimi naikataa simulizi hiyo. Francisco de Xerez, katibu wa Pizarro mwenyewe, aliyechapisha habari zake Seville mwaka 1534, hana mungu wa aina hiyo. Anachoandika ni kwamba mkuu mmoja, Maizabilica, alimpelekea Atahualpa salamu kuwa Wakristo hao si wapiganaji wa maana, naye amekwisha kuua watatu pamoja na farasi mmoja.

Na katika kitabu cha Betanzos, kutoka ukoo wa Atahualpa mwenyewe, yumo Ciquinchara, mjumbe aliyetumwa kuwachunguza wageni. Atahualpa aliuliza kama ndio Viracocha na wasaidizi wake waliorudi. Ni swali la haki, maana walitoka upande ule ule wa bahari. Ciquinchara alikuwa amewafuata njia nzima, na jibu lake lilipangwa kama la hakimu. Wanakula na kunywa. Wanashona nguo zao zikichanika. Hawafanyi muujiza wowote, hawainui milima wala kuishusha, hawaumbi watu, hawatoi mito wala chemchemi. Wakipita jangwani hubeba maji katika vyombo, ilhali Viracocha ndiye aliyeyafanya maji yote. Wanataka kila wanachokiona, wanawake na vyombo vya dhahabu. Ni watu, tena wezi, na ushauri wake ulikuwa wachomwe moto wakiwa wamelala. Sijui hoja nyingine ya karne ile iliyo safi kuliko hii. Ngozi na ndevu aliziona kama wengine wote, lakini aliuliza maji. Atahualpa hakuwachoma kwa wakati, akaukubali mwaliko wa uwanjani.

Manco Inka, aliyesimikwa na Wahispania baada ya hapo, alichelewa zaidi kufika penye hukumu hiyo. Mwanawe Titu Cusi Yupanqui, katika maelezo aliyoyaandikisha Vilcabamba mwaka 1570, anasema baba yake aliwapokea akidhani wametumwa na Tecsi Viracocha. Baada ya kufungwa minyororo na kudaiwa dhahabu tena na tena, akawaambia usoni kwamba sasa anawaona ni wana wa shetani. Mwaka 1536 akaizingira Cusco kwa maelfu ya askari. Jina, hata hivyo, liliwaganda. Mpaka leo wazee wanaozungumza Kikechua humwita bwana wa mjini kwa jina hilo la Muumba, kwa adabu.

Baada ya upanga zikaja tafsiri za makasisi. Walihitaji neno la kumtaja Mungu wa Biblia, na Viracocha alielekea kufaa. Mwanahistoria Pierre Duviols alieleza mwaka 1977 jinsi wahubiri walivyomnyoosha mungu huyo ili afanane na Muumba wao. Kazi hiyo inaonekana hata kwa Betanzos: alipowauliza wazee wa Cacha Viracocha alikuwa na sura gani, wakamjibu ni mtu mrefu, kanzu nyeupe hadi miguuni, nywele zimekatwa duara kichwani kama za padre, na mkononi kitu kilichofanana na vitabu vya sala vya mapadre. Wazee wale walikuwa wameishi na mapadre zaidi ya miaka kumi. Santa Cruz Pachacuti Yamqui alimwona Mtume Tomaso katika Tunupa, msafiri mwingine wa nchi ya ziwa. Guaman Poma, mwandishi mwingine mwenyeji, alimtaja Bartholomayo. Garcilaso aliandika kuwa sanamu ya Cacha ilikuwa na ndevu, na kwamba Wahispania waliiharibu wakitafuta hazina. Ndevu hizo hazimo katika maelezo ya Cieza, aliyesimama mbele yake.

Siwalaumu wote kwa uzito mmoja. Mhispania aliyemvisha Viracocha joho la mtume alikuwa akihalalisha ushindi. Santa Cruz, Mkristo mwenyeji, alikuwa akifanya jambo gumu zaidi: alitaka babu zake wasihesabiwe kuwa watu walioachwa na Mungu kwa miaka elfu na mia tano. Nalisoma andiko lake nikijua alichokuwa akikipigania.

Lakini kuhusu Viracocha na kuanguka kwa dola, wenye neno la mwisho kwangu ni watu wa Huarochirí. Mwandishi wao, kama wenzake wote wa wakati ule, aliwaita Wahispania kwa jina la viracocha. Hata hivyo katika sura ya 14 Muumba na wageni hawachanganywi kabisa. Muda mfupi kabla ya wageni kuja, inasema, Cuniraya Viracocha alikwenda Cusco akamchukua Inka Huayna Capac hadi Titicaca. Kutoka huko chini mjumbe, mtu wa ukoo wa mbayuwayu, alileta kisanduku ambacho hakikupaswa kufunguliwa na yeyote ila Inka. Ndani yake alikuwamo bibi mdogo mzuri, mwenye nywele kama dhahabu. Cuniraya akachora mstari ardhini, akasema yeye ataingia nchi upande huu na Inka ataingia upande ule pamoja na bibi huyo, na hawataonana tena. Kisanduku kikafunguliwa, mwanga ukajaa. Huayna Capac akasema harudi, atakaa hapo na binti wake. Akamwamuru mtu wa jamaa yake aende Cusco badala yake, akajitangaze kuwa ndiye Huayna Capac. Akatoweka, na Cuniraya naye akatoweka. Yule wa badala alipokufa, wakuu wakaanza kugombea utawala, kila mmoja akidai ni wake kwanza, na wakati wanagombana Wahispania wakafika Cajamarca.